Kim wa Kati

Naapa. Haya yote ni kweli tupu, na kama nimeongeza hata punje moja ya theluji ambayo haikuanguka siku ile, basi meno yangu yaliyobaki, ambayo hayatoshi hata kutisha karanga, yang'oke nikila uji. Mengine niliyasikia kwa masikio yangu. Yale ambayo sikuyasikia niliyaelewa, na yale ambayo sikuyaelewa niliyahurumia. Kuna ushahidi gani zaidi ya huo?

Ilikuwa mwezi wa kwanza, na upepo wa mlima Sobaek ulikuwa umenoa visu vyake tangu alfajiri. Upepo huo msiufanyie mzaha. Mwaka mmoja kabla ya hapo ulimvua bwana mmoja masharubu yake pale kileleni, yakaja kuokotwa sokoni Yeongju, bado yamepakwa mafuta. Lakini baridi iliyokuwa ikimtafuna Heo Yeonsun asubuhi ile haikutoka kwenye upepo. Ilitoka kwenye mfuko aliobeba mgongoni.

Juu kabisa ya mfuko kulikuwa na chupa ya chai ya shayiri na wali uliokunjwa kwa mwani, kama msichana yeyote anayekwenda mlimani kutazama theluji akarudi jioni. Chini kabisa, chini ya sweta, alikuwa ameficha nguo za kubadilisha, mswaki, na picha ya mama yake. Mama mwenyewe alikuwa bado amelala alipoiondoa ukutani.

Maana kwenye kilele cha Biro njia hugawanyika. Mkono mmoja unarudi chini Punggi, kwao Yeonsun, kwenye matufaha na karakana ya kufuma alikofanya kazi. Mkono wa pili unashuka Cheondong, upande wa Danyang, kwa akina Kim Haksu, mpenzi wake. Haksu alikuwa amekwisha kupanga chumba kule Jecheon, mtaa wa stesheni, na kazi ya kiwanda cha mbao ilikuwa inamngoja. Walikuwa wamekubaliana hivi: Yeonsun akishuka Danyang, ni mke wake, wazee watake wasitake. Akirudi Punggi, basi. Hakuna barua, hakuna salamu, hakuna "nilikuwa napita tu."

Alimkuta Haksu kwenye kilele cha Yeonhwa, pale mgongo wa mlima unapoanzia, amejikunyata nyuma ya jiwe, pua nyekundu kama pilipili.

"Umechelewa," Haksu akasema. "Nimekauka kama samaki wa kuanikwa barafuni. Bado kunipiga na nyundo nichemshwe supu."

"Ungekauka mdomo kwanza, watu tungepumzika."

Haksu akacheka. Akapiga magoti kwenye theluji, akamfunga meno ya chuma ya kuzuia kuteleza chini ya viatu, akivuta kamba taratibu kana kwamba anamvisha kito. Alipomaliza hakusimama. Akainua macho, akamtazama mwenzake vile alivyomtazama siku ya kwanza kwenye maporomoko ya Huibang, majira ya majani mekundu, alipompa nusu ya yai la kuchemsha na kujifanya ameshiba.

"Umekuja na mfuko mzito," akasema polepole.

"Ni chai, kaka Haksu."

"Chai gani inayochomoza kona?"

Yeonsun akaivuta kamba ya mfuko. Neno "kaka" lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kwetu wasichana huwaita wapenzi wao kaka, na hakuna anayeshtuka. Yeye alikuwa ameliita jina hilo mwaka mzima, akilitia sukari. Tangu mwezi uliopita lilikuwa na ladha ya majivu.

Wakaanza safari. Mgongo wa Sobaek ulikuwa umelala mbele yao kama ng'ombe mweupe asiye na mwisho, na kila kijiti kimevaa maua ya barafu. Upande wa kushoto ukungu, upande wa kulia jua. Katikati njia ya upana wa mtu mmoja, kwa hiyo Haksu alitangulia kuukata upepo, na Yeonsun akatembea ndani ya nyayo zake.

Mzee mmoja akatokea mbele yao, anarudi, ndevu zimeganda.

"Mzee wangu, Biro bado mbali?" Haksu akauliza.

"Aa, mmekaribia! Hapo tu nyuma ya kilima! Mmefika!"

Akapita, akiteleza na kucheka peke yake. Nyuma ya kilima kulikuwa na kilima, na nyuma ya hicho kingine kirefu zaidi.

"Mlima mzima unadanganya," Yeonsun akasema, akihema.

"Huo si uongo, ni adabu. Ukiwaambia watu ukweli, nusu yao wanakaa chini na kulia."

Ni kweli hiyo, na kwetu hakuna anayeshuka mlima bila kuwaambia wanaopanda kwamba wamekaribia. Hata mapadri husema hivyo.

Sasa mtaniuliza, wazee walikataa nini? Kijana mchapakazi, msichana mwenye heshima, wote kwao chakula kipo mezani. Wangekuwa wote wawili jina la ukoo ni Kim, wangeulizana siku ile ile ya yai: wewe Kim wa wapi, chimbuko la ukoo wako ni mji gani? Mtoto wa miaka sita kwetu anajua kwamba Kim wa Gimhae hamuoi Kim wa Gimhae. Lakini huyu Kim, yule Heo! Nani atamuuliza Heo kwao ni wapi? Ndipo walipoteleza.

Kosa lilijitokeza mwezi mmoja kabla, siku Haksu alipompeleka Yeonsun nyumbani kwao. Mama yake Haksu alikuwa anapakua supu ya magimbi, anatabasamu, anauliza ya kuuliza. "Na nyinyi Heo ni wa wapi, mwanangu?"

"Wa Gimhae, mama."

Upawa ukasimama hewani.

Maana akina Haksu ni Kim wa Gimhae, na hapo kale mfalme wa kwanza wa Gimhae, babu yao, alioa binti aliyekuja kwa jahazi kutoka nchi ya mbali, jina lake Heo. Wakazaa watoto kumi. Yule mama alipozeeka akalia, akasema, mimi ni mgeni hapa, nikifa jina langu litakufa nami. Mfalme akamhurumia. Wana wawili akawapa jina la mama yao. Basi Heo wa Gimhae na Kim wa Gimhae ni tumbo moja, na tangu hapo hawaoani. Miaka karibu elfu mbili! Mama mmoja alililia jina lake, na machozi yale yamekuja kumdondokea Yeonsun kwenye bakuli la supu.

Wangemfukuza, angejua la kufanya. Angelia, angekasirika, angempenda Haksu kwa ukaidi. Lakini babu yake Haksu aliinuka pale alipokaa, mzee wa kutembelea fimbo, akamshika mikono yote miwili, macho yamemjaa maji ya furaha. "Mjukuu wa mama yetu! Karibu nyumbani, damu yetu." Wakamchinjia jogoo. Wakampa mapaja yote mawili. Mama yake Haksu akamfungia vitunguu saumu vya kupeleka kwao, na mlangoni akamkumbatia muda mrefu, akamnong'oneza: "Nimeomba binti maisha yangu yote. Sikujua nitampata hivi."

Utapigana vipi na watu kama hao?

Jua lilipofika utosini walikuta bonde dogo lisilo na upepo, kati ya misonobari mizee. Kina mama wa kikundi cha kupanda milima walikuwa wametandika turubai, makoti yao mekundu na ya manjano kama banda la maua, jiko dogo linatoa moshi, pombe ya mchele inazunguka kwenye kikombe kimoja.

"Nyie wawili! Mnapita wapi na njaa hiyo?" akaita mmoja mnene, mwenye sauti ya kuuzia samaki. Wenzake walimwita Mama Cheolgu. "Kaeni! Kijana, kaa hapa. Binti, sogea kwa mumeo, huku baridi!"

"Hatujaoana bado, mama," Haksu akasema, masikio yakimwaka.

"Bado! Mmesikia? Amesema bado!" Turubai zima likapiga makofi. "Basi kuleni, harusi tutakuja bila kualikwa."

Wakapewa wali, kimchi ya kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, mayai, na kipande cha nyama ambacho Mama Cheolgu alimtia Yeonsun mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Kwa muda mfupi, wasomaji wangu, Yeonsun alikuwa bibi harusi. Bega lake liligusa bega la Haksu, na hakuna aliyeliondoa. Aliwaza: inawezekana. Jecheon ni hivi tu. Chumba, jiko, majirani wenye kelele. Aliugusa mfuko wake kwa kiwiko, akauhisi ule mkebe wa mswaki, akataka kucheka kwa sauti.

"Jina la ukoo?" akauliza Mama Cheolgu, akitafuna.

"Mimi Kim. Yeye Heo."

"Kim wa wapi?"

Yeonsun alimwona Haksu akitazama theluji, kisha kikombe, kisha theluji tena.

"Wa Andong," Haksu akasema.

"Andong!" Mama Cheolgu akapiga paja. "Mama yangu mzazi ni Kim wa Andong! Kumbe sisi ndugu! Andong wa Kale au Andong Wapya?"

Maana Andong wako wa aina mbili, na kila Kim wa Andong anajua yeye ni yupi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Haksu hakujua.

"Wa... wa kati," akasema.

Kina mama wakaanguka kwa kicheko. "Wa kati! Jamani, amezaliwa njiani huyu!" "Labda mama yake alishikwa na uchungu kwenye basi!" "Kim asiyejua kwao ni kama uyoga, kaota tu!" Wakacheka mpaka kofia zikawatoka. Haksu naye akacheka, na Yeonsun hajawahi kuona kicheko cha kusikitisha kama kile. Mwanamume ambaye kila mwaka husimama mbele ya wazee wa ukoo, mjukuu wa kwanza wa nyumba ya kwanza, akawamiminia wafu wake pombe kwa mikono miwili, leo ameitwa uyoga, na ameitikia.

Lakini mmoja wa wale mama hakucheka. Alikuwa mwembamba, mkimya, ameshika upawa. Alimtazama Haksu, kisha akamgeukia Yeonsun.

"Na wewe binti, Heo wa wapi?"

Yeonsun angeweza kusema lolote. Mlima mzima unadanganya.

"Wa Gimhae," akasema.

Kicheko kikazimika kwa mmoja mmoja, kama mishumaa. Mama Cheolgu akalitazama yai alilokuwa akimenya. Hakuna aliyesema neno baya. Yule mama mkimya akalichukua bakuli la Yeonsun, akalijaza supu mpaka ukingoni, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kula upate nguvu."

Vile vile. Vile vile kama mapaja ya jogoo.

Waliondoka hapo. Upepo ukawa umewarudia, na safari hii Yeonsun ndiye aliyetangulia, haraka haraka, mpaka Haksu akamshika mkono wa koti.

"Sema basi! Nitukane!"

"Kwa nini umesema Andong?"

"Ulitaka nisemeje?"

"Gimhae."

"Wangetutazama kama watu waliokula maiti!"

"Wametutazama, kaka Haksu. Na wamenijazia supu."

"Basi nitajifunza! Nitaisoma Andong yote, ya kale na mpya, kama mtihani. Jecheon hakuna anayenijua."

"Na mtoto? Akiulizwa shuleni?"

"Mtoto atakuwa Kim wa kati," Haksu akasema, akijaribu kutabasamu. Tabasamu likamfia mdomoni.

"Na siku ya kuwamiminia wazee? Utawaambia wafu nao kwamba wewe ni wa Andong?"

"Sitawamiminia. Ukoo una wengine."

"Huna kaka wala mdogo. Babu yako ana wewe tu."

"Usimtaje babu!" Sauti yake ikapasuka, ikabebwa na upepo mpaka ukunguni. "Kila mtu ananitajia babu! Mimi nimekutafutia chumba. Nimekibandika karatasi mpya kwa mikono hii. Kuna dirisha linatazama reli, nikawaza, Yeonsun anapenda treni. Nani alinisaidia? Babu?"

Yeonsun akageuka Haksu asimwone uso. Hilo la dirisha hakulitegemea.

"Unanipenda au hunipendi?" Haksu akauliza.

"Hilo ni swali la watoto."

"Mimi ni mtoto. Nijibu."

"Nakupenda." Machozi yalikuwa yanaganda kabla hayajafika kidevuni. "Hujawahi kunidanganya hata siku moja. Ukiunguza wali, unasema umeungua. Ukinikuta mbaya, unasema leo mbaya. Leo nimekuona unasema uongo wa kwanza, midomo inakutetemeka kama ya mgonjwa. Na ulikuwa kwa ajili yangu. Utausema tena kesho kwa mwenye nyumba. Na keshokutwa kiwandani. Kila atakayetupa chakula, utamlipa uongo. Mpaka siku moja midomo itaacha kutetemeka, na siku hiyo nitakuwa naishi na mtu nisiyemjua."

"Nitazoea."

"Ndilo ninaloliogopa."

Wakatembea. Hakuna kilichobaki cha kusema, na njia ilikuwa bado ndefu, ambayo ni adhabu mbaya kuliko zote. Haksu alirudi mbele kuukata upepo. Walipofika kileleni Biro, kwenye nguzo fupi ya vibao viwili, kimoja kikielekeza Punggi na kingine Cheondong, wakasimama, barafu imewafunga nyusi.

"Haya," Haksu akasema. Hakumtazama. Alitazama kibao.

Yeonsun akatazama Punggi. Akatazama Danyang, moshi wa vijiji, mto umeganda. Kisha akavua glavu yake, akauingiza mkono wake ndani ya mkono wa Haksu.

"Twende," akasema. "Wewe na mimi. Nionyeshe hilo dirisha."

Na wakashuka pamoja upande wa Danyang, theluji ikiwapisha, matawi ya maua ya barafu yakiwainamia kulia na kushoto kama wageni wa harusi, na mpaka leo ukipita Jecheon, mtaa wa stesheni, utaona kwenye dirisha moja linalotazama reli...

"Mwongo mkubwa wewe!"

Huyo ni mke wangu. Amesimama nyuma ya kiti changu na kitambaa cha vyombo mkononi, anasoma juu ya bega langu. Na bahati yangu mbaya ni kwamba mwanamke huyu, kabla sijamwoa, alikuwa akiuza mishikaki ya samaki wa kusaga pale Cheondong, kwenye kibanda cha mwisho wa njia, kila majira ya baridi. Simulizi yenyewe niliipata kwake.

"Umeapa nini hapo juu?"

"Nimeapa kidogo."

"Umeapia meno. Fungua mdomo."

"Mama watoto, wasomaji wangu wanataka kulala vizuri..."

"Na yule kijana, alilala vizuri? Mimi ndiye niliyemwona. Alishuka peke yake. Magoti yake yote mawili yalikuwa na theluji. Nikamuuliza, umeanguka, mwanangu? Akasema, sikuanguka, mama. Nikampa mshikaki na supu. Akaushika, asiule. Nikamwambia kula, inapoa. Akaniuliza, mtu akiteremka upande wa pili, mwenye miguu mifupi, anayekwenda polepole kwa kuogopa kuteleza, atafika chini wakati gani? Nikamwambia, jua likiuacha mgongo wa mlima, atakuwa ameshafika barabarani. Akasema asante. Akakaa. Nilimpashia ile supu tena na tena. Jua lilipouacha mgongo wa mlima, akainama akala. Akala yote, hata maji yake. Ndipo akasimama akaenda kwao."

Nikaweka kalamu chini.

"Lipa kiapo chako," akasema mke wangu.

"Nikuchemshie chai? Nioshe masufuria?"

"Masufuria utaosha. Lakini kwanza andika alivyoshuka binti wa watu."

Haya. Nalipa.

Pale kwenye vibao viwili Yeonsun aliutua mfuko wake. Akarudi nyuma hatua chache, akaweka viganja kwenye theluji, akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mikono, ile salamu kubwa tunayowapa ndugu zetu wakubwa siku ya mwaka mpya. Na Haksu, kwa kuwa ndugu akikuinamia hivyo huwezi kubaki umesimama, naye akapiga magoti, akaipokea. Walikaa hivyo, vichwa chini, upepo ukiwapita juu. Nani aliinuka kwanza sijui, na safari hii sitabuni.

Yeonsun alishuka peke yake.